Kamera Isiyoona Karibu

Kanyada, Homa Bay
10 Februari 2025

Mwalimu Lenah, binti yangu,

Tulifika salama. Mama Beldina anakusalimu. Vitu vyote vimefika isipokuwa kabati, ambalo lilivunjika mguu pale Kaplong tulipohamishia mizigo kwenye gari lingine. Nyumba ya hapa nyumbani haijakaliwa muda mrefu. Mchwa wamekula mlango wa nyuma, lakini paa ni zima, na nimeanza kulima. Mikono iliyozoea funguo za stoo inajifunza jembe upya.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu unayajua masikio yangu. Kwenye simu nasikia upepo tu, na Beldina akinisemea hufupisha kila kitu. Barua hii nimempa dereva wa gari la Sotik, jirani yetu. Ataiacha dukani kwa Caren, Kaplong. Ukienda sokoni utaipata, na jibu lako liache hapo hapo.

Nikishika jembe narudia ile Jumatatu. Madam Rebeccah anafungua kabati la chumba cha kompyuta, anahesabu, kamera moja haipo. Kikamera cha kuweka juu ya kompyuta, kitu cha kujaa kiganjani. Nilimwambia nitailipa. Akasema, "Mzee Ogada, si bei. Ni uaminifu. Ufunguo uko kwako." Yeye ni mwalimu mkuu mgeni pale na wafadhili walikuwa wanakuja, nafikiri alitaka kuonekana ni mtu wa kazi. Nimetunza stoo ya ile shule tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na haikuwahi kupotea hata chaki. Kazi imekwenda na nyumba ya kazi imekwenda nayo, lakini hilo sililii. Kinachoniuma ni watoto waliosimama dirishani wakitazama mwizi akipakia magodoro.

Wewe peke yako ndiye uliyetoka kwenye ofisi ya walimu ukanisaidia kubeba. Sitasahau.

Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia hata Beldina. Aliyechukua ni Arasa. Mlinzi ndiye mwenye ufunguo wa pili, na Jumamosi ile nilimwona akitoka upande wa chumba cha kompyuta na kitu chini ya koti. Arasa, mtu niliyekula naye sahani moja tangu watoto wetu wakitambaa.

Na ile darubini yako ndogo bado unatazama nayo? Jioni ile uliponiita uwanjani nione mwezi, nilidhani umebandika picha ndani ya bomba. Usiache jambo hilo.

Ni mimi mzee wako,
Alfayo Ogada


Kimulot
18 Februari 2025

Baba,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama dukani kwa Caren. Niliirudisha ndani ya bahasha, nikaitoa tena. Ahsante kwa kunikumbuka. Sikubeba chochote cha maana siku ile, ni ndoo mbili na jiko.

Umeuliza juu ya darubini. Ndiyo, bado ninayo, na sasa ninapiga nayo picha. Nilisoma kwenye simu kwamba mtu anaweza kutumia kamera ya kawaida ya kompyuta. Unafungua lenzi yake ya mbele na kuitoa kabisa, unatoa na kile kioo chembamba cha rangi kilicho nyuma yake, halafu unagundisha kipande cha bomba la plastiki linaloingia pale unapoweka jicho. Darubini yenyewe ndiyo inakuwa lenzi. Kamera ikishafanywa hivyo haioni tena kitu cha karibu. Hata ukiishika mbele ya uso wako, kwenye laptopu unaona ukungu wa kijivu tu.

Mara ya kwanza nilihangaika. Mwezi ulikuwa mweupe kama taa ya gari, sikuona alama yoyote, na kabla sijapunguza mwanga ulikuwa umeshatoka pembeni. Dunia inazunguka, Baba, na darubini yangu haina mota, kwa hiyo mwezi unakimbia kama ng'ombe aliyeona shamba la mahindi. Unalisukuma bomba kidogo, unasubiri litulie, unarekodi video fupi, unasukuma tena. Baadaye kuna programu inayochagua zile picha zilizotulia ndani ya video na kuzilaza moja juu ya nyingine mpaka ukungu unapungua. Ndipo mashimo ya mwezi yakatokea, na milima yenye vivuli. Nililia, nakwambia ukweli.

Kamera niliinunua Kericho mjini, kwa wale jamaa wanaouza vifaa vilivyotumika.

Kuhusu Arasa, naomba tusiharakishe. Huenda kuna maelezo mengine. Usimwambie mtu kwanza.

Binti yako,
Lenah Sagini


Kanyada
27 Februari 2025

Nyathina, mtoto wangu,

Barua yako nimemsomea Beldina, na jirani yetu aliyekuja kuazima panga naye akasikia. Nimewaambia huyu ni mwalimu wangu wa Kimulot, anapiga picha mwezi na kamera ya mitumba. Hawakuamini. Nitumie moja niwaonyeshe.

Uliniambia nisiharakishe, lakini barua yako ilinikuta nimeshaharakisha, nimeshamtajia dereva wa gari la Sotik jina la Arasa. Arasa alikuja hapa Jumapili. Alitoka mbali, viatu vimejaa vumbi, na ndizi kwenye gunia. Nilimkuta amesimama kwenye lango, kwa sababu Beldina alikuwa kanisani na mbwa alikuwa amefunguliwa. Sikumfungulia.

Aliongea kwa sauti, anajua masikio yangu. Alisema amesikia kwamba ninamtaja. Alisema, "Alfayo, nitazame usoni uniambie kama mimi ni mwizi."

Nilimwambia, "Rudisha kamera, ndipo urudi."

Kisha akaweka gunia chini na kuondoka. Ndizi nimewapa ng'ombe. Beldina aliporudi akaona gunia tupu, akaniuliza, nikamwambia yote. Hajaongea na mimi vizuri tangu siku hiyo, lakini yeye ana moyo mwepesi. Wewe umesoma, utanielewa. Mtu akikuibia anaomba msamaha, haombi utazame uso wake.

Usisahau picha.

Alfayo Ogada


Kimulot
12 Machi 2025

Baba,

Picha iko ndani ya bahasha. Ni mwezi wa juma lililopita, ulipokuwa nusu. Usishangae ukiuona kipande tu. Kamera ina jicho dogo, mwezi mzima hauingii. Pale chini giza na mwanga vinapokutana ndipo vivuli ni virefu, na ndipo mashimo yanaonekana vizuri.

Kuna jambo jingine. Arasa anaumwa. Alianguka langoni mwa shule wakati wa kupokezana zamu, na watu wa kiwanda cha chai wakampakia kwenye pikapu mpaka hospitali. Ni kiharusi. Upande wa kulia umelegea, na maneno yanatoka kama ya mtu mwenye chakula mdomoni, lakini anaeleweka ukimsubiri. Nilikwenda kumwona. Mkewe Rodah alikuwa anamlisha uji kwa kijiko. Arasa alinitambua. Alisema maneno mengi ambayo sikuyashika, halafu akasema moja nililolishika vizuri, na Rodah akalirudia ili nisiseme sikusikia. "Mwambie Alfayo aje."

Baba, nakuomba uende. Mimi siamini kwamba ni yeye aliyechukua ile kamera.

Shuleni wameipenda picha hii. Madam Rebeccah ameitundika ofisini kwake na anataka niipeleke kwenye maonyesho ya sayansi ya kaunti mwisho wa mwezi. Aliniuliza kamera nimeipata wapi, nikamjibu kama nilivyokujibu wewe. Kuna maneno pia kwamba mkataba wangu utageuzwa kuwa ajira ya kudumu. Sijui kwa nini nakuandikia hayo katika barua hii.

Nenda kwa Arasa, Baba. Tafadhali.

Lenah


Kanyada
17 Machi 2025

Mwalimu Lenah,

Picha imefika. Nimeibandika ukutani juu ya redio, na kila anayeingia anaulizia.

Kwa Arasa sitakwenda. Nimesikitika kwamba anaumwa, na nimeomba Mungu amponye. Lakini kuingia nikashika mkono wake ni kuwaambia watu wote kwamba mimi ndiye niliyekuwa mwongo.

Unasema huamini kwamba ni yeye. Umemtetea mara mbili sasa. Binti yangu, kama unajua kitu, niambie na nitaondoka hapa kesho asubuhi. Kama hujui, basi ni huruma tu inayoongea, na huruma yako mimi imenigharimu usingizi wote wa juzi. Usiniandikie tena juu yake bila sababu.

Alfayo Ogada


Kimulot
29 Machi 2025

Mzee Ogada,

Sistahili kukuita Baba katika barua hii.

Kamera niliichukua mimi.

Nilikuwa na kipindi katika chumba cha kompyuta Ijumaa ile, na kabati ulikuwa umeniachia wazi kwa sababu ulikuwa unaniamini. Nilitia moja mfukoni. Nilisema moyoni kwamba nitaitumia mwisho wa juma na kuirudisha Jumatatu kabla ya gwaride. Lakini kutoa lenzi si kama kufungua kifuniko cha chupa. Ilikuwa imegundishwa. Nilitumia kisu, ukingo ukavunjika, na kile kioo cha rangi kikapasuka vipande. Nilipomaliza nilijua haiwezi kurudishwa tena, na bado niliiweka kwenye darubini jioni ile, kwa sababu mbingu ilikuwa safi.

Jumatatu, Madam alipoanza kuhesabu, nilikuwa nyuma yako. Ulisema, "Labda iko kwa mwalimu mmoja." Ulisema hivyo. Na walimu wote tukanyamaza, wao kwa sababu hawakujua. Nilifikiri ni kitu kidogo, kitapita. Nilifikiri wakikukata pesa nitakurudishia kwa njia nyingine. Nilifikiri juu ya mkataba wangu. Nilipokuja kubeba ndoo zako mfuko wangu wa koti ulikuwa na ile kamera ndani, kwa sababu niliogopa kuiacha nyumbani.

Arasa hakuchukua chochote. Ulichoona chini ya koti lake ni redio yake, alikuwa ameichukua kwa fundi na kulikuwa na manyunyu. Rodah ameniambia, sikumuuliza.

Ungeweza kuwa umeyajua haya tangu Februari. Hata barua yako ya mwisho, uliyosema utaondoka asubuhi yake nikikuambia, niliipata Jumamosi iliyopita. Nilikaa nayo. Maonyesho yalikuwa juzi, Alhamisi, na nilijiambia nitakuandikia baada ya maonyesho. Nilisimama mbele ya picha yangu, watu wa kaunti wananishika mkono, na Rodah akapiga simu. Arasa alipigwa na kiharusi cha pili. Yuko hai, lakini sauti imekwenda. Daktari amesema haitarudi, au ikirudi ni kidogo sana.

Niliondoka pale bila kuchukua cheti. Nilikwenda hospitali nikamwambia Arasa kila kitu, mbele ya mkewe. Alinisikiliza, nina hakika alisikia. Kisha akageuza uso ukutani. Rodah hakunitukana. Aliniambia nitoke, watoto wake walikuwa njiani na hakutaka wanikute.

Jana asubuhi nilimwendea Madam Rebeccah nikaiweka ile kamera mezani kwake, na lile bomba la plastiki likiwa bado limeshikana nayo. Aliuliza, "Na ulimwona akiondoka?" Nikasema ndiyo. Ameniambia nisiingie darasani mpaka nitakapoitwa. Gwarideni aliwaambia walimu na wanafunzi wote kwamba Mzee Ogada hakuiba, akataja jina langu. Nilimwomba alitaje.

Sikuombi unijibu. Arasa wanamrudisha kwao, Borabu, juma lijalo. Nenda, hata kama umechelewa. Kuchelewa huko ni kwangu, si kwako.

Lenah Bosibori Sagini


Kanyada
7 Aprili 2025

Wewe Lenah,

Mimi ni Beldina mke wa Ogada. Kiswahili changu cha kuandika si kizuri lakini utasoma.

Barua yako mzee alisoma akiwa anakunywa chai. Hakumaliza chai. Alitoka nje akakaa kwenye jiwe la kufulia mpaka nikamwita kula, hakuja. Nikachukua barua nikaisoma mwenyewe. Alipoingia alitoa ile picha ya mwezi ukutani. Nilifikiri anachana. Hakuchana. Aliigeuza tu uso uangalie ukuta, nikaiondoa mimi.

Hajakutukana hata neno moja. Ningefurahi kama angetukana. Anajitukana mwenyewe. Usiku anaongea na Arasa kama yuko kwenye chumba. Anasema, nilimpa ng'ombe ndizi zako.

Mimi sina elimu yako. Nilifikiri mtu akisoma sana anaogopa kufanya mambo kama haya. Wakati tunapakia gari nilikuona unafuta macho, nikakupa leso yangu. Nilikuhurumia wewe. Sisi ndio tunafukuzwa na nikakuhurumia wewe.

Mwalimu mkuu ametuma barua. Anaomba msamaha na anasema mzee arudi kazini, lakini nyumba ameshapewa mtu mwingine na watatafuta ingine. Mzee amejibu hapana. Amesema ataenda Kimulot siku moja tu, asimame mbele ya watoto waliomwona, halafu arudi kulima. Mimi sijui kama ni sawa. Mshahara tulihitaji.

Kesho tunaenda Borabu.

Beldina Ogada


Kanyada
22 Aprili 2025

Lenah,

Pasaka imepita. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu kila nilipoanza niliona ninaandika kwa hasira, na karatasi ni chache.

Tulikwenda Borabu. Rodah alitupokea vizuri kuliko nilivyostahili. Arasa amelazwa kwenye chumba cha mbele, karibu na dirisha, ili aone watu wanaopita kwenda sokoni. Amekonda. Yule mtu aliyekuwa akibeba gunia la mahindi kwa mkono mmoja, sasa blanketi linamlemea. Beldina na Rodah wakatoka nje wakatuacha.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yakanitoka. Nilisema, "Arasa, ulikuja kwangu ukaniomba nikutazame usoni, nikakataa. Sasa nimekuja nikutazame." Nikaweka kiti mahali ambapo angeniona bila kugeuka, nikamtazama. Naye akanitazama. Nilimwambia nimemkosea, nikamwomba anisamehe. Nilisubiri. Unajua mimi nimezoea watu kunifokea ili nisikie, lakini siku ile nilikuwa nimeinamia mdomo wake kabisa, nikiwa tayari kushika hata pumzi. Midomo ilitetemeka kidogo. Kisha akafumba macho. Rodah aliporudi akasema amechoka, huwa analala saa hizo.

Kwa hiyo sijui. Huenda alikuwa ananisamehe, huenda alikuwa ananifukuza kama nilivyomfukuza. Nimeulizia kwa Rodah, anasema ni Arasa tu anayejua. Nimeomba msamaha kwa mtu asiyeweza kujibu, na nitakaa na hilo maisha yangu yote. Sehemu ya mzigo huo ni yako. Lakini si wote. Wewe uliniambia nisiharakishe, na hukuwepo pale langoni. Mdomo uliosema rudisha kamera ulikuwa wangu, na lango ni langu. Nimemjua Arasa zaidi ya nusu ya umri wangu, nikamhukumu kwa koti lililofura.

Nilikwenda pia Kimulot. Madam Rebeccah aliwaita watoto wote uwanjani, akasema yake, kisha akaniuliza kama nina la kusema. Nilikuwa nalo nyumbani, lakini nilipowaona nikasema tu kwamba nawasalimu na wasome kwa bidii. Walipiga makofi. Niliambiwa mkataba wako umekatizwa na umekwenda kwa dada yako huko Sigowet. Sikufurahi kusikia. Nilifikiri nitafurahi.

Katika barua yako ulisema sistahili hivi, sistahili vile, na ulisema huniombi nikujibu. Nakujibu. Siwezi kuandika kwamba nimekusamehe. Nikiandika leo nitakuwa nimedanganya, na uongo umetutosha. Labda siku itafika. Kama haitafika, nitakuambia pia.

Jambo moja liko wazi, halihitaji moyo wangu uwe tayari. Rodah hawezi kumgeuza Arasa peke yake, na asipogeuzwa mgongo unatoka vidonda. Watoto wake wamerudi makazini. Mimi nimeamua kwenda kila Jumamosi, lakini mgongo wangu nao si wa jana, na siku ile tulimwinua watatu na Beldina na bado tulimwumiza. Beldina hataweza kwenda kila mara, kuna ng'ombe.

Rodah nimemwuliza kama mtu mwingine anaweza kuja kusaidia. Nilimtajia jina lako. Alimaliza kukunja shuka, halafu akasema, "Aje asubuhi, kabla hajaogeshwa."

Kutoka Sigowet utatangulia kufika kuliko mimi. Usinisubiri barabarani. Ingia, unawe mikono, umshike upande wa kulia, ule usiojiweza. Mimi nitakapofika nitashika ule mwingine.

Alfayo Ogada